Jinsi ya kuanzisha makumbusho yako binafsi kijijini: mwongozo kamili

Watu wengi wakisema wanataka kufungua makumbusho kijijini, kitu cha kwanza kinachowajia ni jengo. Wanaanza kuhesabu tofali, bati, rangi ya ukutani, kibao cha barabarani, halafu jengo likiisha hela nayo imeisha na ndani kuna vibuyu vinne na jembe moja ambalo hakuna anayejua lilikuwa la nani. Mwongozo huu unaenda kinyume chake. Unaanza na daftari, unaenda kwa wazee, unapita ofisi ya kijiji, jengo linakuja mbele huko, tena dogo tu.

Ninaongelea makumbusho ya mtu binafsi au familia au ukoo, siyo ya serikali, iliyokaa shambani au nyuma ya nyumba, inayohifadhi habari za waasisi wa eneo, yaani wale waliofika wakakuta pori, wakafyeka, wakachimba kisima cha kwanza na kufungua duka la kwanza. Na usidhani hii kitu haiwezekani. Kule Kitale, Kenya, kanali mmoja Mwingereza aliyekuwa mlowezi, Hugh Stoneham, alianza mwaka 1926 na mikusanyo yake mwenyewe ya wadudu, ndege, vitabu na vitu vya watu wa maeneo yale. Na hapa Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza ukiwa unaelekea Musoma, makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na padri Mkanada wa shirika la White Fathers, David Clement, kuanzia miaka ya 1950. Ukienda utaona ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, zimepangwa, na jengo la vitu vya utemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Wote wawili hawakuanza na bajeti ya wizara.

Hatua ya 1: Chagua habari moja tu

Usianzishe makumbusho ya "utamaduni wetu". Utamaduni wetu ni mkubwa mno, utajikuta unakusanya kila kitu kuanzia upinde mpaka redio ya betri na mgeni akitoka hakumbuki lolote. Jiulize, hiki kijiji kilitokeaje? Kuna vijiji vya Urambo, Kongwa na Nachingwea ambavyo huwezi kuvielewa bila ule mradi wa karanga wa Waingereza, walioanza nao miaka ya 1940 mwishoni kwa matrekta na makelele mengi na kufikia 1951 wakaufuta. Kuna vijiji vya Geita vilivyofunguliwa na Wasukuma waliokuwa wanatafuta ardhi mpya kwa ajili ya ng'ombe na pamba. Kuna vijiji kibao nchi nzima vilivyozaliwa na Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu walipandishwa malori na mabati yao. Kuna kule Trans Nzoia ambako mashamba ya walowezi yalikatwa vipande baada ya uhuru, familia zikahamia toka kila upande wa Kenya.

Chako ni kipi? Andika sentensi moja: "Hapa tunaonyesha namna watu fulani walivyofika hapa na wakaishije miaka ya mwanzo." Ukiletewa kitu kisichohusiana na hiyo sentensi, unakishukuru na kukirudisha, hata kama ni kizuri. Hapa wengi wanaona aibu kukataa, ndiyo maana makumbusho nyingi ndogo zinaishia kuwa stoo.

Hatua ya 2: Kaa na wazee kabla hujagusa kitu chochote

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haisubiri. Jembe litakuwepo mwakani, mzee wa miaka tisini hatuna uhakika.

Simu yako inatosha kurekodi. Iweke hali ya ndege ili mtu asipige katikati ukapoteza maneno, iweke juu ya kitenge kilichokunjwa siyo juu ya meza kavu maana kila mtu akigusa meza inasikika kama radi, na kaeni upande usio na upepo. Mwanzoni kabisa sema kwa sauti tarehe, mahali, jina lako na jina la unayeongea naye, halafu muulize palepale kama anakubali maneno yake yahifadhiwe na yasikilizwe na wageni. Jibu lake likiwa ndani ya rekodi hakuna atakayekuja kubishana baadaye.

Sasa kuhusu miaka. Ukimuuliza bibi "mlihamia hapa mwaka gani" atakwambia "zamani sana mwanangu" na hapo umekwama. Muulize vitu vilivyokaa kwenye mwili wake: ulikuwa umeshaolewa? ulikuwa na mtoto mgongoni au tumboni, na huyo mtoto ni yupi? Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Wakati wa vita ya Kagera mlikuwa hapa tayari? Zile mvua za El Nino zilikuta nyumba hii au ile ya kwanza? Uhuru ni 1961, vita ni 1978 na 1979, El Nino ni 1997 kuingia 1998, kwa hiyo ukishapata ni mtoto yupi alikuwa mgongoni na kadi yake ya kliniki au cheti cha ubatizo ipo, mwaka unao. Mara nyingi cheti cha ubatizo ndicho kinachomaliza mabishano ya ukoo mzima.

Wazee watapingana, hilo litegemee. Mmoja atasema kisima kilichimbwa na babu yake, mwingine atasema hapana, kilichimbwa na jirani na babu yake alikuja kuteka tu. Andika zote mbili na majina ya waliosema. Wewe siyo hakimu.

Halafu waulize akina mama peke yao, bila waume zao kukaa pembeni wanawasahihisha. Wanaume watakupa habari za mipaka, ng'ombe na uongozi. Akina mama ndio wanaojua mwaka wa kwanza watu walikula nini, maji yalitoka wapi, nani alizalisha watoto wa kijiji kizima.

Rekodi zihamishe siku hiyohiyo. Nakala moja kwenye laptopu, nyingine kwenye flashi inayokaa nyumba tofauti.

Hatua ya 3: Ofisi ya kijiji na sheria

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji mapema, kabla maneno hayajaanza kuzunguka kwamba unakusanya vitu vya mizimu au unauzia Wazungu. Omba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, eleza, jibu maswali, hakikisha imeingia kwenye muhtasari na upate nakala yenye mhuri. Kama ardhi ni ya kwako kimila tafuta hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Baada ya hapo muone afisa utamaduni wa wilaya, na amua mapema unasajili kama nini: jina la biashara au kampuni kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, au shirika lisilo la kiserikali. Kama lengo ni kuendesha kifamilia na kupata riziki, jina la biashara na namba ya mlipakodi ni njia fupi. Kama unategemea wafadhili, shirika, lakini hapo kuna bodi, vikao na ripoti za kila mwaka, jipange.

Sasa mambo matatu yanayoweza kukupeleka pabaya kabisa.

La kwanza ni nyara za serikali. Ngozi ya chui ya mtemi, pembe ya ndovu, kucha za simba, mkia wa nyumbu wa mganga, hivi vyote hata kama ni vya babu na vimekaa darini tangu enzi za Mjerumani, kukutwa navyo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na "ni vya makumbusho" siyo kibali. Usipokee, usibebe, usipige picha ukaposti. Mwambie mwenye nacho aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya kwanza.

La pili ni mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na huruhusiwi kuchimbachimba kutafuta vitu ardhini bila leseni. Ukilima ukakuta vigae vya vyungu au mavi ya chuma ya tanuri la zamani, acha palepale, weka alama, toa taarifa. Kenya nao wana sheria yao ya makumbusho na urithi ya 2006.

La tatu ni mabaki ya watu. Fuvu, mifupa, hata kama mwenyewe anakupa. Hapana.

Hatua ya 4: Pokea kitu kwa karatasi

Hapa ndipo urafiki unapovunjika. Mzee anakupa kigoda chake kwa roho safi, miaka mitatu baadaye anafariki, mtoto wake anarudi toka mjini, anasikia kuna mgeni amelipa hela kuingia kwako, anakuja na nduguze wanadai kigoda. Huna karatasi, wewe ndiye mwizi.

Kuna njia mbili tu za kupokea, zawadi au mkopo, na lazima ijulikane ni ipi. Zawadi ni kwamba kitu kimekuwa cha makumbusho moja kwa moja. Mkopo una tarehe ya mwisho, mwaka mmoja au mitatu, na ukiisha mnaandikiana upya au anachukua chake. Mimi kwa vitu vya ukoo kama ngoma, mkuki, kiti cha mtemi au shanga za tambiko napendelea mkopo, hata mwenyewe akitaka kutoa, maana mara nyingi si vyake peke yake.

Karatasi haihitaji Kiingereza wala wakili:

"Mimi (jina kamili) wa kitongoji cha (...) leo tarehe (...) nimetoa kwa makumbusho ya (...) kitu kifuatacho: (kielezee, na kasoro zake). Nimekipata kutoka kwa (...). Nakitoa kama ZAWADI / MKOPO mpaka tarehe (...). Naruhusu / siruhusu kupigwa picha. Naruhusu / siruhusu jina langu kuandikwa."

Halafu sahihi au dole gumba, sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji, na hii ndiyo ya maana kuliko zote, sahihi ya angalau mrithi mmoja. Zitoke nakala mbili, moja abaki nayo yeye. Na piga picha mkiwa mmesimama naye ameshika hicho kitu.

Kununua? Mimi sishauri mwanzoni. Ukianza kulipa, wiki ijayo kuna vijana wanapita nyumba kwa nyumba wanaiba vigoda vya bibi zao wakuletee.

Hatua ya 5: Daftari na namba

Nunua kaunta buku lenye jalada gumu. Chora nguzo: namba, tarehe ya kuingia, ni nini, kimetengenezwa na nini, vipimo, hali yake, kimetoka kwa nani, zawadi au mkopo, kinakaa wapi, habari yake kwa ufupi. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika, ukikosea piga mstari mmoja na uandike pembeni, usichane karatasi wala kupaka ile rangi nyeupe.

Namba iwe rahisi, mwaka kisha mfuatano. Kitu cha 14 kilichoingia 2025 ni 2025.14, basi. Kama ni kinu na mchi wake unakuwa 2025.14a na 2025.14b. Namba ikishatolewa hairudiwi hata kitu kikipotea au kurudishwa kwa mwenyewe.

Kwenye kitu chenyewe usibandike stika wala selotepu, gundi yake inaacha doa na kwenye ngozi inanyofoa. Funga lebo ya kadi kwa uzi wa pamba, namba imeandikwa kwa penseli. Usitumie waya, unakwaruza na kuacha kutu. Kila ukurasa wa daftari upige picha na simu, zitunze nje ya jengo, maana siku paa la nyasi likishika moto ndiyo utajua daftari lilikuwa na thamani kuliko ngoma zote.

Hatua ya 6: Wadudu, jua, na mikono ya watu

Adui yako namba moja ni bungua. Ukiona chini ya kigoda kuna unga laini kama unga wa sembe, wa rangi ya mti, na matundu madogo yenye mdomo safi mweupe, yuko ndani anakula sasa hivi. Matundu ya zamani yana mdomo mweusi na hayatoi unga. Fagia unga wote, weka kigoda juu ya karatasi nyeupe, rudi baada ya wiki, kama kuna unga mpya una mgonjwa.

Mtenge na vitu vingine mara moja. Usimwagie petroli, usipake oili chafu, najua mafundi ndivyo wanavyoshauri, ila hiyo ni kwa nguzo za uzio. Kwa kitu kidogo dawa nzuri ni baridi. Kifunge kwenye nailoni ngumu mbili, bana hewa yote, ziba kabisa, kiingize kwenye friza inayofika nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukikitoa usifungue nailoni mpaka kipate joto la chumba, kama siku nzima, ili unyevu ugande nje ya nailoni siyo kwenye mti. Friza ya muuza samaki wa mnadani inafanya kazi vizuri tu mkielewana. Ngoma yenye ngozi iliyowambwa usiipeleke kwenye baridi, ngozi inaweza kupasuka.

Mchwa wanazuiliwa na mpangilio. Hakuna kitu kinagusa sakafu wala ukuta, weka mbao juu ya tofali, acha nafasi ya kupitisha mkono nyuma, ili njia yao ya udongo ionekane ikianza kupanda. Kagua kila wiki, siku ileile. Popo nao wazibie mianya ya paa mapema, kinyesi chao kinaharibu kila kitu na kina magonjwa.

Jua la dirishani linaua nguo, picha na karatasi bila wewe kuona. Kanga ya mwaka 1961 ikikaa dirishani misimu miwili ya kiangazi unabaki na kitambaa cheupe. Weka pazia zito au mbao za kufungua wageni wakija.

Na picha za zamani, nawaombeni sana, MSILAMINETI. Kadi ya TANU, risiti ya kodi ya kichwa, picha ya harusi ya babu, watu wakiona inachakaa wanakimbilia steshenari kulamineti, ule moto na ile gundi haviondoki tena, umeua. Skani kwa dpi 600, yaani kwa ubora wa juu, chapisha nakala uning'inize hiyo ukutani, ya asili iweke kwenye bahasha ya karatasi ndani ya boksi mahali pakavu.

Majembe na mikuki yenye kutu, brashi laini tu kuondoa vumbi na kutu inayodondoka yenyewe. Usisugue na msasa ing'ae. Ule weusi na ule ulaini wa mpini ni jasho la mtu, ukiusugua umefuta habari.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo jengo

Chumba kimoja kizuri kinashinda vitatu vibovu. Kuta nene za tofali za udongo zinatunza ubaridi kuliko bloku na bati tupu. Kama utaezeka bati, weka dari. Kama utaezeka nyasi, usivute umeme kiholela, weka ndoo za mchanga na usiruhusu jiko karibu. Mlango mmoja na kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti.

Kama kuna nyumba ya kwanza ya kijiji bado imesimama, hata imeinama, ifikirie kabla ya kujenga mpya. Nyumba ya udongo ya mwasisi yenye jiko la mafiga na kitanda cha kamba inaongea yenyewe. Ukipita Dar nenda Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo, uone nyumba za makabila mbalimbali zilivyojengwa kwa ukubwa wake halisi, utapata akili nyingi.

Hatua ya 8: Maelezo ya ukutani

Mfano wa maelezo yasiyofaa: "Kinu. Kilitumika kutwangia nafaka." Kila mtu anajua.

Mfano wa maelezo yanayofaa: "Kinu cha mninga. Bibi aliyekileta alitembea nacho siku mbili akiwa bi harusi. Ufa huu umezibwa kwa waya wa baiskeli baada ya kuanguka kwenye lori la kuhamia hapa. Kilitwanga mpaka mashine ya kusaga ilipofika kijijini." Mistari minne, herufi kubwa, Kiswahili, na chini yake lugha ya kienyeji kama ipo. Hizo habari ndizo ulizozipata hatua ya 2, ndiyo maana nilisema usiruke.

Kuna vitu havitakiwi kuonyeshwa kwa kila mtu, vya unyago, vya jando, vya tambiko. Waulize wenyewe, wakisema hapana ni hapana.

Hatua ya 9: Hela

Wageni wa nje hawatakulisha, labda uwe njiani kuelekea mbugani. Wateja wako ni shule. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lipo, walimu wanatafuta pa kupeleka watoto, kwa hiyo nenda kwa wakuu wa shule za kata yako mwanzo wa muhula na ratiba mkononi: saa moja na nusu, watoto wanatwanga kwenye kinu cha kisasa (siyo cha maonyesho!), wanasikia sauti ya bibi kwenye spika, wanachora ramani ya kijiji cha kwanza. Kiingilio kiwe na ngazi, mwanafunzi kidogo sana, mwananchi kawaida, mgeni wa nje zaidi, na kibandike mlangoni ili asitokee mtu akasema umemlangua. Wanakijiji wa hapohapo waingie bure, vitu ni vyao. Toa risiti.

Kingine kinacholipa ni siku moja ya mwaka, ngoma, mbina (uchezaji wa Kisukuma), chakula cha zamani. Bujora wana sherehe ya ngoma inayoitwa Bulabo mwezi Juni, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanashindana kucheza, watu wanajaa. Yako iwe ndogo, baada ya mavuno.

Hatua ya 10: Ukifa je?

Makumbusho binafsi nyingi zinakufa na mwenyewe. Watoto hawana interesti, vitu vinauzwa kwa madalali wa mapambo. Stoneham alipofariki 1966 alikuwa ameshaandika wosia, mikusanyo yake ikaenda kwa makumbusho ya taifa ya Kenya pamoja na hela ya jengo, na mwaka 1974 pakafunguliwa pale Kitale makumbusho mapya ya umma.

Andika wosia wako sasa, siyo ukiumwa. Useme vitu vya mkopo vinarudi kwa wenyewe kufuatana na daftari, vya zawadi vinaenda kwa nani, shule, parokia, msikiti, halmashauri au Makumbusho ya Taifa, na huyo mpokeaji awe ameshakubali kwa maandishi. Useme nani anashika funguo siku arobaini za kwanza. Nakala moja kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa mwanasheria au kiongozi wa dini, moja ndani ya jalada la daftari lenyewe.